Dawa za Kufubaza Virusi na Saratani ya Tezi: Wajibu wa Kliniki Zetu Arusha na Meru



Utangulizi

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na mara nyingi huanzia kwenye tezi, ile mitoki ya shingoni, kwapani na kinenani. Afrika Mashariki inaifahamu siku nyingi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika chembe za uvimbe huo kutoka Uganda. Watu wazima karibu wote wanacho. Kinga ikiwa imara, kinatulia. VVU vikiibomoa, kinapata mwanya wa kuchochea chembe zizaane ovyo.

Kilichobadilika

Mseto wa dawa za kufubaza virusi (ARV) ulipoanza kutumika Ulaya na Marekani mwaka 1996, limfoma ya ubongo, inayowapata wenye chembe za kinga (CD4) za chini kabisa, ilishuka sana. Limfoma ya chembe B kubwa nayo ilipungua. Ya Burkitt na ya Hodgkin hazikushuka kiasi hicho, kwani hutokea hata kinga ikiwa haijaporomoka sana.

Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Tangu 2016, anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na mwaka 2019 ikaja ARV ya dolutegravir. Faida ni mbili: wanaougua limfoma wanapungua, na anayeugua anastahimili tibakemikali. Zamani daktari alipunguza dozi kwa kuhofia maambukizi. Leo mgonjwa anaweza kupewa dozi kamili huku akiendelea na ARV, na wapo wanaopona kabisa.

Tunapokwama

Mteja wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC) anakuja na uvimbe shingoni, homa za usiku na nguo zinazomlegea. Wazo la kwanza ni TB, na mara nyingi ni kweli. Lakini makohozi hayaonyeshi kitu, anaanzishiwa dawa za TB, na miezi inapita huku uvimbe ukikua. Tukiupapasa, tezi ya limfoma aghalabu ni ngumu yenye kunesa, haiumi. Ya TB huweza kushikamana na nyingine na kutoa usaha. Hata hivyo, vidole havitoshi. Sindano nyembamba nayo mara nyingi haitoshi kutaja aina ya limfoma. Inatakiwa tezi itolewe, iwekwe kwenye formalini na isomwe na mtaalamu wa patholojia.

Tuwe macho pia katika miezi ya kwanza ya ARV, kwani limfoma iliyojificha huweza kujitokeza wakati huo. Mgonjwa asidhani dawa ndiyo imemletea saratani, akaiacha. Mkoa wetu unakumbuka mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mitishamba iliyoitwa kikombe cha Babu, na baadhi wakaacha ARV. Kinga ikianguka tena, hatari hurudi.

Mapendekezo

1. Kila anayekuja kuchukua dawa aulizwe kuhusu uvimbe, na apapaswe shingo na kwapa.
2. Tezi iliyovimba zaidi ya mwezi, au inayokua mgonjwa akiwa kwenye dawa za TB, itolewe mapema kwa ajili ya kipimo.
3. Rufaa kwenda Hospitali ya Mount Meru, au KCMC Moshi yenye kitengo cha saratani, iandikwe pamoja na aina ya ARV na majibu ya wingi wa virusi.
4. Mhudumu wa jamii amfuatilie mgonjwa hadi nyumbani, iwe Ngaramtoni au Usa River, kwani wengi hukwama kwa nauli na hofu.

ARV zimetupa wagonjwa wenye nguvu za kutibiwa. Tusiwapoteze kwa kuchelewa kupima tezi. Nawaomba tuanze na kliniki ya Jumatatu ijayo.