HISA HUJENGA HOSPITALI, ADA HUIENDESHA

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Katika ziara zangu za ukaguzi huulizwa mara kwa mara: je, wakulima wanaweza kumiliki hospitali yao wenyewe? Leo nitawasimulieni habari za wakulima wa ng'ambo waliolijibu swali hilo kwa vitendo.

Daktari Michael Shadid alizaliwa Lebanon mwaka 1882. Alihamia Marekani mwaka 1898, akafanya uchuuzi wa nyumba kwa nyumba, na hatimaye akasomea udaktari. Alipokuwa akiwatibu wakulima wa pamba na ngano katika jimbo la Oklahoma, aliona jinsi gharama za ugonjwa zilivyowafilisi, na jinsi wengine walivyochelewa kutafuta matibabu kwa kuogopa deni.

Mwaka 1929 aliwashauri wakulima wa mji mdogo wa Elk City wanunue hisa za dola 50 kila mmoja, wajenge hospitali yao. Mwaka huohuo uchumi uliporomoka, na bei ya mazao ikaanguka. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1931, ikawa hospitali ya kwanza ya ushirika nchini Marekani.

Misingi yake ilikuwa minne. Madaktari walifanya kazi pamoja chini ya paa moja. Wanachama walilipa ada kila mwaka, wazima na wagonjwa sawasawa. Kinga ilitangulizwa mbele ya tiba. Na mwisho, wanachama ndio waliokuwa wenye mali.

Jambo hilo liliwachukiza madaktari wengi wa kujitegemea. Chama cha madaktari wa wilaya kilivunjwa, kisha kikaundwa upya bila Shadid. Zikafanywa juhudi za kumnyang'anya leseni, lakini wakulima walisimama naye, na leseni haikufutwa.

Mwaka 1945 Shadid alizungumza mjini Seattle. Wakulima, wafanyakazi wa viwanda vya ndege na wanaushirika wa huko walimsikiliza, wakaunda ushirika wao wa matibabu, Group Health, ulioanza kutibu wanachama tarehe 1 Januari 1947. Nao pia walipigwa vita na chama cha madaktari, hata mwaka 1951 Mahakama Kuu ya jimbo la Washington ilipowapa haki. Ushirika huo ulidumu miaka sabini. Mwaka 2017 uliingizwa katika shirika la Kaiser Permanente, baada ya wanachama kupiga kura. Hata uamuzi wa kuuacha ushirika ulikuwa wao.

Ndugu zangu, natilia mkazo ule msingi wa pili. Niliwahi kukagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichochangisha fedha za zahanati. Jengo lilisimama, bati likang'aa, sherehe ikafanywa. Mwaka wa pili dawa zilikwisha na mganga hakulipwa mshahara, akaondoka. Vitabu havikuonyesha wizi hata wa senti moja. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza fedha za mwaka wa pili zitatoka wapi. Nilipofika, jengo lilikuwa ghala la magunia matupu, na akina mama wajawazito walikuwa wakitembea mwendo uleule wa zamani kwenda kujifungua.

Kwa hiyo, makatibu mnaofikiria mpango wa namna hii, nawaombeni mambo matatu. Fedha za hisa na fedha za ada ziwekwe katika hesabu mbalimbali, wala moja isiazime nyingine. Hesabu hizo zisomwe wazi katika kila mkutano mkuu, hata zikiwa mbaya. Na halmashauri isimamie fedha, lakini isimwamrishe mganga namna ya kumtibu mgonjwa.

Mwanachama akijua shilingi yake iko wapi, ataitoa tena mwakani. Asipojua, hata jengo zuri halitamponya.