Hesabu ya Watu na Viti vya Bunge

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama wanachama)



Nimetakiwa nieleze jinsi hesabu ya watu inavyogusa viti vya Bunge la Kenya. Jambo hili si geni kwenu. Chama kikuu kinapogawa wajumbe wa mkutano kwa kufuata idadi ya wanachama, katibu asiyetunza daftari lake vizuri hukipunguzia chama chake sauti, ingawa wanachama wenyewe wapo na kahawa yao wanaileta.

Katika Bunge jambo ni zito zaidi, kwa sababu viti haviongezeki. Katiba ya mwaka 2010 iliweka majimbo ya uchaguzi 290, wala Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haina ruhusa ya kuzidisha hata moja. Ni kama shamba la urithi: ndugu mmoja akiongezewa kipande, mwingine amepunguziwa.

Hesabu ya mwaka 2009 ilipata watu 38,610,097, na wastani wa kila jimbo ukawa 133,138. Ile ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296. Wagawe kwa 290, utapata 164,015. Katiba hukubali jimbo lizidi au lipungukiwe na wastani huo kwa asilimia 30. Na kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, asilimia 40. Basi hata jimbo la nyika lapaswa kuwa na watu wapatao 98,409, na la jijini lisipite 229,621.

Sasa tazameni. Mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika majimbo 17, yaani karibu 258,651 kwa kila jimbo. Taita-Taveta ilikuwa na 340,671 katika majimbo 4, yaani 85,168. Lamu ilikuwa na 143,920 katika majimbo 2, yaani 71,960. Tarakimu hizo zikifuatwa bila huruma, Taita-Taveta itabaki na majimbo 3, Lamu na 1, na Nairobi itadai yasiyopungua 20.

Jambo hili halikutokea katika mapitio ya mwaka 2012, kwa kuwa Katiba ilikataza mapitio yale ya kwanza yasifute jimbo lolote lililokuwapo. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu. Mapitio mengine yalipaswa kufanywa kati ya miaka 8 na 12 baadaye. Lakini Machi 2024 ilifika pasipo Tume kuwa na makamishna, na wapya waliapishwa Julai 2025.

Mimi sidhani kwamba tarakimu peke yake ndiyo haki. Mbunge wa Lamu huvuka bahari kuwafikia watu wake, na Katiba yenyewe yataka sura ya nchi, njia za mawasiliano na ujamaa wa watu vifikiriwe, mradi mipaka ile ya asilimia isivukwe. Lakini mkazi wa Nairobi naye ana lake la kusema, kwani kura ya mwenzake wa Lamu ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya kura yake.

Wengi husahau kwamba mtu huhesabiwa mahali alipolala. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, kijana wa Wundanyi aliyelala Mombasa aliongezea Mombasa, hata kama nyumba yake na kaburi la babu yake viko Wundanyi. Wala dawa si kutia watu wa uongo. Mwaka 2010 Waziri wa Mipango alitangaza kwamba hesabu za wilaya 8 za kaskazini, za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, zimefutwa kwa kuwa ongezeko lake halikusadikika. Hapo hata aliyehesabiwa kwa haki aliingia katika shaka.

Tume ikianza kazi hiyo, inapaswa kushauriana na wote wanaohusika. Makatibu, someni rasimu ya mipaka mbele ya wanachama, na maoni yenu yapelekwe kwa maandishi. Uamuzi ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 tu za kuomba Mahakama Kuu iuangalie.