Ngumi na Mieleka Tujifunze kwa Pamoja

(Mazungumzo na wanakisomo na vijana wa mazoezi, Mbagala, Temeke)



Leo tutazungumza juu ya mazoezi ya kujilinda. Huku Temeke na kule Kinondoni ngumi tunazijua. Mwaka 1970 bondia wetu Titus Simba alileta nishani ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Edinburgh. Karate pia tunaijua. Mwaka 1973 mwalimu Nantambu Camara Bomani, kutoka Marekani, alianza kuifundisha katika Shule ya Zanaki, hapa Dar es Salaam. Na mieleka je? Tangu utotoni tunapigana mtama mchangani.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba kila kimoja tunajifunza peke yake. Leo ngumi, kesho mieleka. Pale katikati, mkono unapoacha kupiga na kuanza kushika, hatujifunzi.

Tuchukue mfano. Mwaka 1993, mjini Denver, Marekani, bondia Art Jimmerson alipambana na Royce Gracie wa Brazil, fundi wa kushika na kukaba. Jimmerson alivaa glovu mkono mmoja tu. Aliangushwa, akakaliwa juu, akasalimu amri. Ngumi anazo, lakini ngumi inataka miguu iliyosimama imara.

Mpiga mieleka naye asicheke. Akiinama kushika miguu bila kukinga uso, atakutana na goti.

Kwa hiyo tufanye hivi, wawili wawili, polepole:

Kwanza, piga ngumi mbili nyepesi. Mwenzako akiinua mikono kujikinga, ingia hatua moja, umshike kiuno. Kichwa chako kikae ubavuni kwake. Ukikiacha chini ya kwapa lake, atakupiga kabali.

Pili, mpige mtama, lakini usiuachie mkono wake. Mshushe taratibu. Anayeanguka abane kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini.

Tatu, aliyeanguka ainuke huku mkono mmoja ukikinga uso. Halafu mbadilishane.

Fanyeni dakika tatu, mpumzike moja. Mkishazoea ndipo muongeze kasi.

Sasa sikilizeni vizuri. Wengi wetu tunafanyia mazoezi uani, kwenye saruji. Ngumi juu ya saruji inawezekana. Kuangushana juu ya saruji ni hatari, kunaweza kuua. Tafuteni mchanga, muuchambue vioo na misumari, muutandaze uwe mnene. Aliyekabwa akigonga mkono mara mbili, aachiwe papo hapo, bila mabishano. Aliyegonga kichwa asiendelee siku hiyo, hata akisema yu mzima. Akitapika au akisinzia, apelekwe hospitali mara moja.

Tunajifunza ili turudi nyumbani salama. Haya, ndugu, tushike majembe, tuandae mchanga kwanza.