Sadaka ya Kwanza ya Waimbaji

Asubuhi hii tufungue Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, mstari wa 1 hadi wa 5. Hapo Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia, yaliyotoa katika umaskini wao.

Sisi wanakwaya tuna jambo la kuungama. Tulipokuwa tukiimba huku na huku kutafuta fedha za mabati ya kanisa letu, upepo uling'oa paa la kanisa la jirani. Wenzetu wakatuomba msaada. Tukawajibu, "Ngojeni kwanza, nasi tuezeke."

Baadaye tulisoma habari za kwaya moja ya Marekani, tukaona haya. Shule ya Fisk ilifunguliwa mwaka 1866 mjini Nashville, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ilikuwa na madeni, na majengo yake yalikuwa mabovu. Basi Oktoba 1871 mwalimu George White aliondoka na waimbaji 9, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, kwenda kuiombea shule fedha kwa nyimbo. Nguo za baridi hawakuwa nazo. Hoteli nyingine ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao.

Siku zile zile moto mkubwa uliteketeza mji wa Chicago. Waimbaji hawa walikuwa wamepata kama dola 50 tu. Wakazitoa kwa walioteketezewa nyumba zao.

Kisha wakaitwa Waimbaji wa Yubile, kwa kukumbuka ule mwaka wa watumwa kuachwa huru, katika Mambo ya Walawi 25. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1876 Jumba la Yubile, lililojengwa kwa fedha za nyimbo zao, liliwekwa wakfu, na lingali limesimama.

Hatusemi kwamba atoaye shilingi 50 atarudishiwa 1,000. Waimbaji wale waliteseka, na wengine waliugua kwa uchovu. Lakini angojaye kushiba ndipo atoe, huenda asitoe kamwe.

Jumapili iliyopita tuliwapelekea jirani zetu mabati 20. Kwetu bado panavuja, na mvua ikinyesha tunahamisha viti.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kusema "ngojeni". Utufundishe kutoa tukiwa bado tunahitaji. Amina.