Ziwa Lisilo na Mto wa Kutokea



Ndugu zangu wa Milepa, naomba tuanze na ziwa. Mito ya Momba na Songwe humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na vijito vinavyoteremka kutoka Ufipa hupita kando ya mashamba yetu vikielekea huko huko. Hakuna mto hata mmoja unaotoka. Jua huyachukua maji, lakini kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Ndiyo maana maji ya Rukwa yana magadi. Anayetupa sumu mtoni ameiweka akiba, na wajukuu zake wataikuta. Hoja yangu ni moja: bonde hili halina pa kutupia sumu, kwa hiyo tuichambue kabla haijatoka nyumbani.

Kuchambua si jambo geni kwetu. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu, malungu, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo wakafua jembe. Leo anayepita na mzani wake akinunua vyuma chakavu anawarudisha wahunzi kazini. Bati kuukuu, sufuria iliyotoboka, chupa ya soda: vyote vina njia ya kurudi kwenye matumizi. Madhara huanza pale gunia la vyuma hivyo linapobeba pia betri ya sola, simu mbovu na chupa ya dawa ya magugu.

Betri ya gari au ya sola ina risasi na tindikali. Risasi ina bei, na bei hiyo ndiyo inayowashawishi watu kuipasua. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi 2007 kilisambaza risasi hadi kwenye damu ya watoto. Kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Basi betri iuzwe nzima, tindikali yake ikiwa ndani. Asitokee kijana wa kuifungua uani kwa shoka.

Dawa za mashambani nazo zina historia chungu hapa nchini. Mwaka 1986 shamba la Serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea takribani tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, nyingi zikiwa zimekwisha muda. Banda lililozihifadhi likabomoka, na DDT ikazama ardhini. Ulikuwa msaada, ukaacha udongo wenye sumu.

Sasa tazameni chupa hii. Mkanda wake ni mwekundu, maana yake dawa iliyokuwamo ni ya kundi lenye sumu kali zaidi. Inaonekana tupu, lakini matone yamebaki shingoni. Natia maji robo, nafunga, natikisa nusu dakika, kisha namimina ndani ya bomba la kupulizia, ili maji hayo yaishie kwenye shamba lile lile. Narudia mara ya pili, na ya tatu. Halafu naitoboa kitako kwa msumari. Haitabeba tena mafuta ya taa, wala maji ya mtoto anayekwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Isichomwe pia, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Lakini chupa iliyotobolewa inahitaji mahali pa kwenda, na hapo mkulima peke yake hawezi. Sheria ya Mamlaka za Wilaya ya 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Naomba tuutumie. Kila kijiji kiwe na stoo moja yenye kufuli na sakafu ya saruji, mbali na kisima na mbali na ghala la chakula. Mwenye duka la pembejeo apokee chupa za dawa alizouza. Siku ya mnada iwe siku ya kukusanya. Kisha Halmashauri ya Wilaya itafute msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi, mzigo upande mlima bila kuchanganywa na magunia ya mpunga.

Tulipoambiwa tuache mifuko ya plastiki, Juni 2019, wengi walisema haiwezekani. Tukarudi kwenye vikapu.

Chupa hii sitaiacha Milepa. Naifunga, na nitapanda nayo hadi Sumbawanga, kwa sababu nikiiacha hapa mvua itaiteremsha ziwani, na ziwa halitakuwa na pa kuipeleka.