Nyumba ya Pwani Isiyokausha Mfuko

Msikilizaji wa Kitengela na Kajiado, shule zikifungwa Agosti au Desemba, watoto wanataka bahari. Desemba ndiyo ghali kupindukia. Likizo ya Aprili ni nafuu, japo masika yatakulowesha. Binafsi ningechagua mvua.

Usiitishe nyumba inayotazama maji. Itisha ya safu ya pili, kule Diani au Bamburi: unatembea dakika chache tu, na kodi hushuka. Ufuo wenyewe ni wa umma, hulipii mchanga. Lakini uliza njia ya kufika huko, maana hoteli na kuta zimeziba vichochoro vingi. Uliza pia kama tokeni za stima, maji na mpishi vimo kwenye bei. Maji ya kisima pwani mara nyingi yana chumvi. Chai yake hutaipenda.

Sasa pesa. Matapeli huiba picha za nyumba za watu, wakaitisha malipo ya awali kwa M-Pesa, kisha simu inazimwa. Mwambie wakala akupigie simu ya video akiwa mlangoni, afungue bomba la jikoni, atoke aelekee ufuoni bila kukata. Anayesema leo mtandao ni mbaya, kesho mlinzi hayupo, achana naye.

Usafiri? Treni ya asubuhi ya Madaraka, ile ya kaunti, husimama Athi River na Emali, kwa hivyo hamna haja ya kwenda hadi Syokimau. Mtashukia Miritini. Wa Diani, ulizeni matatu ya barabara ya Dongo Kundu, mkwepe foleni ya feri Likoni.