Umelipa, Mzigo Uko Wapi?

Leo tena ni yale yale: umelipa, mzigo hujauona. Haipiti wiki bila mtu wa hapa Woodley, Nairobi, kuniletea kilio hicho. Umeshukia Adams Arcade, ukapenda sofa kando ya Ngong Road, fundi akasema, "Tuma pesa yote, Jumamosi inakufikia." Ukatuma. Jumamosi ikaja, sofa haikuja. Ukipiga simu, mbao hazijakauka. Nawe unajibu, "Sawa, nitangoja." Unangoja nini?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mali na malipo viende pamoja, isipokuwa mmepatana vingine. Ni wewe uliyekubali kutanguliza pesa zote! Hata hivyo haki yako haijafa. Muuzaji asipoleta mali, unaweza kumdai pesa zako na hasara juu yake. Mama mmoja alilipia viti shilingi 45,000. Fundi akayeyuka, na siku aliyopaswa kuletewa, viti kama hivyo vilikuwa vinauzwa 52,000. Angeweza kudai 45,000 zake, na zile 7,000 pia. Lakini meseji ya M-Pesa alikuwa ameifuta, ati simu imejaa. Jamani! Futa picha za harusi ya jirani, meseji ya malipo uiache.

Tena andikeni tarehe ya kuletewa mzigo. Chini ya Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, siku mliyoagana ikipita kwa siku 30 bila mali, unaweza kufuta mapatano. Ukishapokea mzigo uliochelewa, nafasi hiyo umeitupa. Na bila tarehe, hizo siku 30 huhesabiwa tangu siku mliyopatana.

Wengine hukimbilia polisi. Kama ulitapeliwa, piga ripoti. Lakini polisi si wakusanya madeni. Nenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Sasa, kwa nini ukae nyumbani ukimlaani fundi?

Nanyi mnaonunua viatu kwa picha za simu, msijifanye hayawahusu. Toeni arbuni, si pesa yote. Daini risiti yenye jina, bei na tarehe. Salio litoke mzigo ukiwa mlangoni, si kabla.